Gari Alilolichagua Kawthar

Kwa miezi minane Kawthar alitembea na daftari moja la jalada la kijani ndani ya mkoba wake, na ndani ya daftari hilo hamkuwa na siri ya mtu wala barua ya mapenzi. Mlikuwa na magari. Kila gari na ukurasa wake: uzito, umri, bei ya matairi, na kama vipuri vyake vinapatikana kwenye maduka ya Wadi Kabir, hapo Maskati, au mpaka viagizwe Dubai. Gari likiwa zito, alilipiga mstari. Likiwa na nguvu nyingi, alilipiga mistari miwili.

Alikuwa anatafuta gari la kujifunzia mbio. Si mbio za kushindana na mtu, maana Kawthar alikuwa na miaka arobaini na tatu na hajawahi kushindana na mtu hata kwenye foleni ya mkate. Alitaka gari la kuingia nalo uwanjani, kule upande wa Sib, siku zile ambazo watu wa kawaida huruhusiwa kuzunguka na magari yao wenyewe, kila mmoja kwa mwendo anaouweza, walimu wakiwaangalia kutoka pembeni ya njia. Mara moja tu aliwahi kupanda gari humo. Kazini kwao, kwenye maabara ya kupima mafuta ya mashine, waliwapeleka wafanyakazi matembezi, akakalishwa kiti cha abiria akazungushwa mara mbili. Alicheka mpaka machozi yakamtoka ndani ya helmeti. Wakati huo mama yake, Bi Mwanamize, alikuwa mwaka wa sita kitandani, na aliyekuwa akimgeuza, kumkosha na kumlisha ni Kawthar peke yake. Mtu aliyeuguza anajua miaka sita bila kucheka ni kitu gani.

Bi Mwanamize alipofariki, watoto walirithi kama sharia ilivyosema, na Kawthar akapata fungu lake. Hakutaka dhahabu. Hakutaka kwenda Istanbul kupiga picha na njiwa. Alitaka kitu kimoja maishani alichokichagua mwenyewe, kwa akili yake, na hakuwa na haja ya kumweleza mtu.

Na akili alikuwa nayo. Ukurasa wa kwanza wa daftari ulikuwa na kanuni zake, kaziandika kwa herufi kubwa. Gari la mwanzo liwe jepesi. Liwe na nguvu kidogo, kwa sababu gari lenye nguvu humfichia mwanafunzi makosa: anaharibu kona, kisha anakanyaga mafuta kwenye njia iliyonyooka na kudhani amekuwa dereva. Liwe la gia za mkono. Liwe la bei ambayo ukiligonga utalia siku moja, si mwaka mzima. Na chini kabisa, kwa wino mwekundu: kabla ya mzunguko wa kwanza, badilisha mafuta ya breki.

Gari lenyewe akaliona kwenye simu, usiku wa kuamkia Alkhamisi. Lilikuwa la Kijapani, dogo, milango miwili, gia za mkono, mtumiaji mmoja tu tangu lilipotoka dukani: mwalimu mstaafu wa Qurayyat aitwaye Musallam. Rangi yake ilikuwa imepauka juu ya paa, na kiti cha dereva kilikuwa kimechanika. Ukipenda, chongo huita kengeza. Kawthar aliziangalia picha zile mpaka chai ikapoa.

Hapo ndipo alipofanya kosa lake, na lazima lisemwe wazi kuwa ni lake. Hakuna aliyemlazimisha. Wanawake wa Maskati wananunua magari kila siku, wanatia saini, wanachukua funguo na kuondoka. Lakini Kawthar alilelewa na Bi Mwanamize, na kwa Bi Mwanamize, aliyezaliwa Unguja na kufa Khuwair, hapo hapo Maskati, bila ya kubadilisha hata kitu kimoja, mwanamke haendi mwenyewe kuomba kitu kikubwa kwa mtu asiyemjua. Hutangulizwa mwanamume akaseme. Ni kama posa. Anatumwa mshenga, anazungumza, na mwenye haja anakaa nyuma na heshima yake. Kwa hivyo Kawthar akampigia simu kaka yake.

Kaka Thabit alikuwa mtu wa miaka hamsini na sita, mstaafu wa wizara, ndevu zimechongwa vizuri, kanzu haina kunyanzi. Wizarani alikuwa mkuu wa idara ya magari. Maana yake, kwa miaka ishirini na mbili alitia saini karatasi za petroli za madereva, na ujuzi huo ulimtosha kujua kila jambo linalohusu gari. Alikubali kwenda bila ya kuombwa mara mbili. Alipenda kuombwa.

Njiani, walipokuwa wakiteremka ile milima kuelekea Qurayyat, alimcheka.

"Miezi minane unachagua gari, Kawthar. Mchagua jembe si mkulima."

"Jembe hili, kaka, likikatika mpini mtu anakufa."

"Basi kwa nini unalitaka?"

Kawthar alifikiri kumwambia habari ya siku ile aliyocheka. Akaona haya. "N'nalitaka tu," akasema.

Mwalimu Musallam aliwapokea kwa kahawa na tende, akawaacha waliangalie gari mpaka watosheke. Kawthar alipiga magoti juu ya kokoto na tochi mkononi. Kutu ilikuwa kidogo, ya juu juu. Injini ilikuwa kavu. Klachi ilishika vizuri. Akafungua kifuniko cha chupa ya mafuta ya breki, akachungulia, na mafuta yalikuwa meusi kama ile kahawa waliyokunywa.

"Haya yamebadilishwa lini, mwalimu?"

"Mimi sijayagusa tangu siku nilipolinunua," alisema mzee, kwa unyofu. "Na breki hazijawahi kunilalamikia."

Kawthar akaandika. Kisha akamwita kaka yake pembeni amweleze, maana hiyo ndiyo kazi yake mwenyewe ya kila siku maabarani na hakuna kitu alichokijua vizuri zaidi. Mafuta ya breki yanakunywa unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, na hewa ya pwani ndiyo mbaya zaidi. Mtaani hutajua. Ukienda sokoni na kurudi, breki zinashika. Lakini uwanjani breki zinapata moto ambao mtaani hazijawahi kuupata, yale maji yaliyomo ndani ya mafuta yanachemka, na pedali inazama mpaka chini kama mtu anakanyaga godoro. Dawa yake ni kumwaga ya zamani na kutia mapya. Kazi ya saa moja, gharama yake ni sahani mbili za biriani.

"Haya, haya," alisema Thabit, macho yake yakiwa juu ya gari.

Halafu akaenda kuzungumza na mzee. Akayasema makosa ya gari moja moja, rangi, kiti, umri, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akamaliza kwa kusema watalifikiria jambo hilo. Ndani ya gari lao, njiani kurudi, akamnong'oneza dada yake: "Mwache wiki mbili. Atalegea. Lakini usimpigie simu, ukimpigia utaniharibia."

Kawthar hakupiga simu. Wiki mbili alizihesabu siku kwa siku. Alijiandikisha uwanjani kwenye kundi la wanaoanza, akanunua helmeti, akaiweka juu ya kabati karibu na mikeka ya mama yake, na kila akiswali alfajiri alikuwa akiitupia jicho na kutabasamu.

Ijumaa ya pili aliitwa kula chakula cha mchana kwa Thabit, huko Mawaleh. Aliingia getini na bakuli la achari ya embe mkononi, na gari lilikuwa pale uani, chini ya kivuli. Limekoshwa. Paa limeshapakwa rangi mpya. Kiti kimeshashonwa.

Kwa muda kama wa kuvuta pumzi tatu, Kawthar alidhani amenunuliwa yeye. Hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye, kwamba alitabasamu.

"Nilikwenda Jumatatu," alisema Thabit, akitoka mlangoni na mtoto wake wa kiume nyuma yake. "Mzee kashusha bei vizuri. Nikasema gari kama hili lisitoke nje ya familia. Mutasim kafaulu mwaka wake chuoni, na ana hamu na mambo haya ya uwanjani. Wewe umetuchagulia kitu kizuri, dada, Mungu akulipe."

"Mimi nilikuwa n'nachagua langu, kaka."

"Utapata jingine. Magari yamejaa." Akapunguza sauti kwa kumhurumia. "Na kweli, Kawthar, mtu mzima kama wewe, mwanamke, na helmeti kichwani. Nani angekwambia ukweli kama si mimi?"

Alimtuma mshenga, na mshenga karudi na bibi harusi nyumbani kwake. Kawthar aliumia, na tusitafute neno jingine. Kikulacho ki nguoni mwako, wamesema, lakini anayesema hivyo huwa hajaombwa kukaa ale pilau na hicho kinachomla. Wageni walikuwa wamelizunguka gari, jamaa na majirani, na kila aliyekaribia aligusa boneti na kusema, "Mashallah, tabarakallah." Ndivyo inavyopasa. Kitu kipya cha mtu hakiangaliwi kwa jicho kavu. Mutasim alikuwa amesimama karibu na mlango wa dereva, kijana wa miaka ishirini, mwembamba, uso wake wote umejaa furaha, na macho yake yalikuwa kwa shangazi yake akingoja na yeye aseme.

"Mafuta ya breki mmeyabadilisha?" akauliza Kawthar.

Muhsina, mke wa Thabit, aliyekuwa akigawa maji ya machungwa, alisimama na trei mkononi, akamtazama wifi yake kwa muda mrefu. Midomo yake ilianza kwenda taratibu bila ya sauti. Alikuwa anasoma kinga ya jicho.

Haki isemwe: Kawthar hakuwa na chuki na Mutasim. Huyo alimbeba mgongoni. Kabla ya kuondoka alimvuta pembeni, akatoa lile daftari la kijani mkobani, akalifunga kwa mpira wa kufungia mboga, mara mbili, na kumtia mkononi.

"Ukurasa wa kwanza, mwanangu. Usizunguke hata mara moja kabla hujausoma."

Kijana akambusu kichwani. "Nitausoma, shangazi. Wallahi."

Aliposhika njia ya kurudi Khuwair, Kawthar aliendesha mwendo wa sitini kama alivyokuwa akimpeleka mama yake hospitali, na magari yote yakampita.

Siku ya uwanjani ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa Januari, baridi imeingia kidogo, jua halichomi. Kawthar alikwenda, maana jina lake lilikuwa bado limo kwenye orodha ya wanaoanza na alitaka kulifuta mwenyewe. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Ukweli ni kwamba hakulala. Alitaka kujua kitu kimoja tu, na baada ya hapo angerudi zake.

Gari alilijua kwa mbali. Alipokaribia, ubani ulimpokea kabla ya watu. Walikuwa wamelifukiza lote, ndani na nje, na kwenye kioo cha mbele wametundika Ayatul Kursi yenye ushanga. Mutasim alikuwa anafunga mkanda.

"Umesoma?"

Kijana akamtazama mama yake. "Mama kaliweka, shangazi."

"Leo si siku ya madaftari, wifi," alisema Muhsina kwa upole wa kulazimisha. "Leo ni siku ya dua."

Kawthar akamfuata kaka yake. "Kaka, n'nakuomba. Nakuomba kwa haki ya mama. Mafuta ya breki."

"Kawthar, usimtie mtoto mkosi. Gari nimelileta mwenyewe kutoka Qurayyat, milima yote ile, na breki zikashika. Khalas."

"Ulikuja mwendo wa mzee. Huku si—"

"Khalas, nimesema."

Alikuwa amebaki mtu mmoja. Mkaguzi, kijana aitwaye Asaad, alikuwa akipita gari moja moja na fomu zake. Kawthar akamweleza kwa Kiarabu, haraka haraka, akamwomba afungue boneti. Asaad aliingiza mguu, akakanyaga pedali mara mbili. "Ngumu, dada. Nzima."

"Ngumu sasa hivi. Ikipata moto je?"

Akageuza fomu amwonyeshe. Palikuwa na swali katikati ya ukurasa: mafuta ya breki yamebadilishwa ndani ya mwaka huu? Na palikuwa na jibu, ndiyo, na chini yake saini nzuri yenye mkia mrefu ambayo Kawthar aliifahamu tangu utotoni. Miaka ishirini na mbili ya kutia saini bila kusoma, mkono ulikuwa umezoea.

"Mwenye gari kathibitisha," alisema Asaad, na alikuwa na magari mengine thelathini ya kukagua.

Angeweza kulala mbele ya gari. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakulala mbele ya gari. Lakini alikuwa mtu mzima mwenye buibui lake, watu wamejaa, na kaka yake alikuwa amemkataza mbele ya watu. Akaenda kusimama kwenye wavu.

Mzunguko wa kwanza, kijana alikwenda taratibu. Wa pili, akachangamka, na gari likaingia kona zake kwa wepesi ule ule ambao Kawthar aliusoma kwenye namba miezi minane. Lilikuwa gari zuri. Alichagua vizuri, na kwa sekunde chache alisahau yote akaona fahari.

Mzunguko wa tatu, mwisho wa ile njia iliyonyooka, taa nyekundu za nyuma ziliwaka mahali penyewe hasa. Kijana alikanyaga breki kwa wakati wake. Taa zikazima, zikawaka, zikazima, zikawaka, na gari halikupunguza. Lilipita kona kama haikuwepo, likaruka kwenye mchanga, likaingia katika matairi yaliyopangwa mwisho wa uwanja kwa kishindo kilichowafikia baadaye kidogo.

Wa kwanza kufika alikuwa Kawthar. Viatu alikuwa kaviacha njiani.

Mutasim hakufa. Alivunjika mtulinga na kifundo cha mkono wa kulia, na mbavu mbili zikapasuka. Kwenye machela alikuwa akisema neno moja tu: "Ilizama, shangazi. Ilizama." Muhsina alipofika na kumkuta Kawthar amemshika mkono, aliusukuma mkono ule.

"Usimguse."

Waswahili wamesema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusema lolote juu ya mkuu asiyesikia la mdogo wake, labda kwa sababu hapo guu linalovunjika huwa la mtu mwingine.

Ungedhani baada ya hapo mtu angesema, masikini Kawthar alituambia. Subutu. Siku ya pili tu, kwenye kundi la familia la Wasapu, mtu alituma aya na dua za kujikinga na hasadi, bila ya maelezo. Wa pili akatuma kisa cha bibi mmoja aliyesifu ng'ombe wa jirani akafa. Hakuna aliyetaja jina. Kawthar alizisoma zote, na mwanzo hakuelewa, kisha akaelewa, na alipoelewa akakaa chini jikoni.

Kesi ilikuwa imekamilika bila ya yeye kuitwa. Alilitaka gari lile, kila mtu anajua. Alipoliona kwa mara ya kwanza kwa Thabit, watu wote walisema mashallah, yeye hakusema. Siku ya uwanjani hakualikwa, akaja, akasimama kwenye wavu akalikodolea macho mpaka mwisho. Na kubwa kuliko yote: kati ya vitu vyote vya gari, aliitaja breki. Akaitaja Qurayyat, akaitaja Mawaleh, akaitaja uwanjani, mara tatu. Na kilichokufa ni breki. Ushahidi gani tena unatakiwa?

Jambo moja lilimkosesha usingizi. Kuhusu mashallah, walisema kweli. Hakusema. Kinywa chake siku ile kilikuwa kichungu, na neno lilimkwama. Alijitafuta ndani kama kweli alikuwa na kijicho, na akakikuta, kwa sababu nani asingekuwa nacho? Lakini kijicho hakichemshi mafuta ya breki. Hilo analijua, ndiyo kazi yake, analipima kila siku kwa mashine.

Siku ya tisa, baada ya laasiri, Muhsina alikuja Khuwair. Alipanda ngazi peke yake, na sanduku la halwa, na mfuko wa nailoni. Wakapeana mikono. Wakakaa. Kawthar alimimina kahawa, wakanywa finjani moja moja wakiulizana hali kama watu waliokutana harusini.

"Mutasim vipi?"

"Alhamdulillah." Muhsina akausukuma ule mfuko juu ya zulia. "Nimekurejeshea daftari lako."

Kawthar akalitoa. Mpira wa mboga ulikuwa pale pale, umezungushwa mara mbili kama alivyouzungusha yeye mwenyewe. Hata vumbi lilikuwa halijaondoka.

"Hamkulifungua."

"Niliogopa, wifi. Nikwambie kweli. Niliogopa lililomo humo lisije likaingia kwenye gari."

Kawthar aliinuka kwenda jikoni kuleta tende, akafika katikati ya ukumbi, akakumbuka kuwa kaacha sahani ya kutilia tende sebuleni, akarudi. Muhsina alikuwa kainama juu ya sinia. Mkono wa kushoto umeshika kichupa cha marashi kitupu, na mkono wa kulia umeshika finjani ya Kawthar, anamimina ndani ya kichupa masalia ya kahawa, tone kwa tone, ulimi umetoka kidogo kama mtoto anayejifunza kuandika.

Maskati nzima inajua maana ya jambo hilo. Mtu akipigwa jicho, hutafutwa kilichoguswa na mwenye jicho: maji ya udhu wake akikubali kuyatoa, na asipokubali, au watu wakiona haya kumwomba, masalia ya kahawa yake, kokwa ya tende aliyoila, kitambaa alichofutia mkono. Mgonjwa hukoshwa kwayo. Kawthar mwenyewe aliwahi kuona likifanywa. Hakuwahi kudhani kahawa itakuwa yake.

"Usiibe, wifi," alisema. "Ungesema nikakupa."

Finjani ilianguka juu ya zulia. Muhsina akaficha uso kwa ncha ya mtandio, na kilio kilichomtoka kilikuwa cha kweli, hilo Kawthar hakuweza kulikataa.

"Mtoto halali, Kawthar. Kila akifumba macho anashtuka, anakanyaga kitanda kwa mguu, anakanyaga, anakanyaga. Shekhe kasema itafutwe athari ya mtu... ya mtu mwenye..."

"Sema."

"Mimi ni mama. Nifanye nini?"

Kawthar alisimama pale na mikono yake mitupu. Akikataa, watasema: mnaona, amekataa. Akikubali, watasema: mnaona, amekiri. Njia zote mbili zilikuwa zimejengwa bila ya yeye kuulizwa. Na kati ya njia hizo alikuwepo kijana anayekanyaga kitanda usiku, anatafuta breki.

Akaenda kuleta bakuli la kukoshea mchele na birika la maji. Akakaa juu ya zulia mbele ya wifi yake, akakunja mikono ya gauni, akachukua udhu juu ya bakuli, taratibu, bila ya kuruka kitu. Akaosha viganja. Akasukutua, akatema humo humo. Akaosha uso, mikono mpaka visukusuku, akapaka kichwa, akaosha miguu. Maji hayakumwagika nje hata tone. Muhsina alitoa chupa kubwa mkobani. Alikuwa kaja nayo, kumbe, kwa bahati njema tu.

"Umenuia, wifi?" aliuliza Muhsina, akijaza. "Umesamehe kwa moyo safi? Shekhe kasema bila ya hivyo haifai."

"Mutasim nimemnuia. Wewe na Thabit sijawafikia bado."

Muhsina akafunga chupa. Pale mlangoni, akivaa viatu, alisema kwa sauti ya mtu anayetaka kuacha neno jema: "Gari Thabit kaliuza chuma chakavu. Kasema halina kheri lile. Bora hukulipata, Kawthar."

"Neno langu moja mmelikataa mara tatu," alisema Kawthar. "Leo umekuja kuchukua mate yangu."

Muhsina akaikumbatia chupa yake kifuani, akateremka ngazi kwa uangalifu isije ikamwagika, na kule chini Thabit alikuwa ndani ya gari, injini inanguruma, hajataka kupanda. Siku ya pili familia nzima ilikuwa inajua kwamba Kawthar katoa maji mwenyewe, kwa mkono wake, hata hakulazimishwa.

Jioni ile, Muhsina alipoondoka, Kawthar alifunga mlango, akaokota finjani, akaikosha mara moja, akaipanga na wenzake. Kisha akakaa na daftari magotini. Mpira ulikuwa umekauka, ulikatika alipouvuta. Akafungua ukurasa wa kwanza, akausoma wote, kila kanuni, mpaka ule mstari wa wino mwekundu, na hakuona kosa lolote. Halafu akaona nafasi iliyobaki juu kabisa, juu ya kanuni ya kwanza, upana wa kidole kimoja. Akachukua kalamu nyekundu. Kabla ya uzito, kabla ya nguvu, kabla ya gia na bei na breki, akaandika: Nenda peke yako.